Nahesabu, Usinisalimu

Mlangoni kwa fundi mota pana ubao mdogo uliofungwa kwa waya. Siku akiwa na kazi ya kuhesabu huuandika kwa chaki: NAHESABU. USINISALIMU. Mimi niliusoma. Nalisema hili mapema kwa sababu binti yangu alidhani sikuuona, nami nikamwacha adhani hivyo kwa siku mbili.

Niliusoma, nikaona ni onyo kwa watoto wanaopita pale wakipiga mayowe. Mtu mzima kama mimi, niliyelelewa na wazazi wakali, niingie kwa mtu anayenizidi miaka kumi na kitu, nikae kimya kama niliyekuja kuiba? Nikavua kandambili, nikainama chini ya ule mlango mfupi, nikasema, "Hodi humu. Shikamoo, fundi."

Alikuwa amenipa mgongo. Mbele yake palikuwa na kigurudumu cha mbao chenye mpini, cha kuzungushwa kwa mkono, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unavuta kitu nisichokiona. Nilidhani anavuta hewa. Nilipotoa salamu, mkono ukasimama. Akakishika kigurudumu kisije kikarudi nyuma, akageuka na kigoda chake, akaweka kiganja kifuani.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo, fundi."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tunashukuru."

"Na huyo binti, kazini salama?"

"Salama kabisa. Nimepita tu kuulizia mgonjwa wetu."

"Karibu, karibu."

Kisha akakigeukia kigurudumu chake. Midomo yake ikacheza kidogo. Akanitazama, akakitazama kigurudumu, akanitazama tena.

"Elfu nne na..." akasema. "Elfu nne na ngapi?"

Aliniuliza kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeishika hiyo hesabu.

Mtaani kwetu hakuna anayemwita fundi huyu kwa jina lake. Wanamwita Elfu. Kazi yake ni kusuka mota zilizoungua: za feni, za pampu za maji, za mashine za kusaga. Huvua waya wa zamani mzunguko mmoja mmoja akihesabu, kisha huzungusha waya mpya kwa idadi ileile. Huhesabu kimya, na kila ikitimia elfu hutamka kwa sauti, "Elfu!", ndipo jina likamganda. Kifaa cha kuhesabia hana. Zamani alikuwa nacho kimoja, alikifunga kwenye mpini, kikaruka mizunguko bila yeye kujua, na pampu ya watu ikaungua siku ya pili. Tangu hapo haamini kitu kisichokuwa kichwani mwake. Akimaliza huandika kwenye daftari la shule: aina ya mota, unene wa waya, idadi ya mizunguko. Ana madaftari kumi na moja yenye majalada ya nailoni, na mafundi wa mbali hupiga simu kumuuliza, "Elfu, ile ya feni ya dari yenye mapanga matatu ni ngapi vile?"

Namna alivyojifunza kazi aliniambia mwenyewe siku nyingine. Aliacha shule darasa la tano, akawa mtia grisi kwenye mashine ya kusaga. Mota ya mashine ilipoungua aliletwa fundi mmoja mchoyo, aliyejifungia chumbani na kuziba dirisha kwa gunia ili asionekane anavyofanya. Lakini mpini wake ulikuwa mkavu, ukilia kwenye kila mzunguko. Elfu, kijana wa miaka ishirini, akakaa nyuma ya ukuta na kipande cha mkaa, akahesabu kile kilio. Mota ilipoungua tena miaka miwili baadaye, yule fundi alikuwa amehama. Elfu akamfuata mwenye mashine akamwambia, "Mimi idadi ninayo." Mwenye mashine akamcheka hadi akakohoa. Lakini mahindi yalikuwa yamelala magunia kwa magunia, akamwachia ajaribu. Mota ikazunguka.

Sasa mgonjwa wetu. Ni gitaa la besi la kaka yangu. Ni la umeme, ila tumbo lake ni tupu kama gitaa la kawaida, jembamba, na usoni lina matundu mawili marefu yaliyopinda, moja kila upande. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, imefifia ikawa kahawia pale mkono wake ulipokuwa ukiegemea. Kaka alilipiga kwenye bendi miaka kumi na minane. Kisha akarudi nyumbani nalo, na begi moja, akaliweka juu ya kabati na kutafuta kazi ya ulinzi wa ghala. Muziki ukianza redioni, yeye huzima. Nilimuuliza mara nyingi kulikoni. Jibu lake ni hilohilo: "Nimechoka tu." Mtu akisema amefukuzwa, au ameibiwa, au aligombana na wenzake, unajua uhofie nini. Huyu kachoka tu, na mimi sijui mpaka leo mwanangu nimkinge na kitu gani.

Maana mwanangu naye amelishusha lile gitaa kabatini. Mchana ni mpokezi katika zahanati, na jioni anapiga besi ya kuazima kwenye bendi ya kina mama na vijana wachache. Mwenye besi hiyo alitaka arudishiwe Jumamosi. Kiongozi wa bendi, mama mmoja mwembamba anayevaa miwani kichwani badala ya machoni, alimwambia bila kuzunguka: Jumamosi saa kumi jioni uje na besi yako inayolia, la sivyo nafasi yako naipa kijana mwingine mwenye besi yake. Na la mjomba lilikuwa halilii. Fundi redio alilitazama mara moja, akasema tununue jipya. Ndipo nikalipeleka kwa Elfu Jumatatu, kwa sababu binti alikuwa kazini, na kwa sababu Elfu hajawahi kumwambia mtu anunue kipya.

Kusema kweli, njiani nililibeba kama mtu anayebeba mtoto wa jirani. Kimoyomoyo nikaomba lisipone.

Elfu alilipokea akaligonga tumbo kwa kidole, akategesha sikio, akamulika ndani ya tundu kwa tochi. "Hiki kitu sijawahi kukifungua," akasema. "Na kina mpangaji." Akaingiza koleo jembamba akatoa kiota cha nyigu, cha udongo mkavu, kimebomoka vipande vitatu. Chini ya nyuzi palikuwa na visanduku viwili virefu vya chuma, ambavyo binti yangu aliniambia ndivyo vinavyonasa sauti. Akavifungua skrubu na kugusisha mita yake. Cha chini mshale ulipanda. Cha juu, kilicho karibu na shingo, mshale ulilala palepale.

"Huyu mzima. Huyu kafa," akasema. "Waya umekatika humo ndani."

"Sasa fundi," nikasema, "huo waya haugusani na uzi. Sauti inaingiaje?"

Sikutaka kuuliza. Nilikuwa nimeenda kuacha mzigo na kurudi kwenye cherehani yangu, nina sare za shule za kushona. Lakini swali lilinitoka, na Elfu akafurahi kama aliyeulizwa habari za wajukuu. Akasogeza bisibisi juu ya kile kinasa, ikavutwa, ikaganda. "Sumaku hiyo. Uzi ni wa chuma. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, sumaku nayo haitulii, na waya uliozungushiwa hapo unalisikia hilo."

"Unalisikiaje?"

Akakuna kidevu. "Hapo umenifikisha ukingoni, mama. Mimi kwenye mota natia umeme, kitu kinazunguka. Hapa kitu kinatikisika, umeme unatoka. Ni mota inayokwenda kinyumenyume." Akanyamaza kidogo. "Miaka arobaini nasuka waya, sikujua kwamba unaweza kuimba."

Siku ile nilishona mkono wa sare ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje.

Basi Jumatano ndiyo niliyopita na salamu zangu. Alikuwa anavua waya wa kile kinasa kilichokufa, waya mwembamba kuliko unywele, unaanguka kwenye bakuli kama moshi. Idadi yake haikuandikwa popote, na waya ukishavuliwa hauhesabiki tena.

"Mbona hukunyamaza, fundi?" nikamuuliza. "Si umeandika mwenyewe pale nje?"

"Umeniamkia," akasema. "Ningekaa kama gogo?"

"Ungenipungia mkono tu."

"Kwa mkono upi? Mmoja umeshika mpini, mmoja umeshika waya."

Kutoka uani, mke wake, ambaye hufua nguo za watu, akapaza sauti: "Ubao ule andika upya! Andika, 'Naomba nisalimiwe, napenda sana.' Huyu hata mbuzi akilia mlangoni atamwitikia!"

"Na wewe huo mdomo utaukausha lini kwenye kamba?" Elfu akamjibu, lakini bila nguvu. Alimalizia kuvua waya uliobaki bila kuhesabu, akaushika mpini mtupu, akaukodolea macho. Nami nikarudi nyumbani. Jioni binti alipouliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema fundi amepotewa na hesabu kidogo, mimi niliingia nikamsalimia, sikujua. Akaenda kukaa kitandani na kandambili zake mkononi. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Asubuhi yake, kabla sijachemsha hata chai, Elfu alikuwa mlangoni kwangu na lile bakuli, amelifunika kwa kitambaa.

"Mama, twende kwa sonara."

"Kwa sonara tukafanyeje?"

"Idadi imepotea, lakini waya wenyewe si ninao wote humu? Nitaupima uzito. Waya mpya nikiupata wa unene uleule, ukalingana uzito uleule, mizunguko itakuwa ileile, au pungufu kidogo, au zaidi kidogo. Kwa mota nisingekubali. Lakini hii mota haina mzigo."

Nikavaa, nikaenda. Sikumwamini na wala sikutaka kukosa. Sonara wetu ni mzee mnene anayeweka mizani yake ndani ya kisanduku cha kioo isipeperushwe na pumzi za watu. Elfu alipofunua bakuli, sonara aliweka lenzi jichoni, akainama, akainuka.

"Hizi nywele za nani?"

"Za bibi yako," akasema Elfu. "Pima."

"Mbona umekuja na shahidi? Mnataka pete?"

"Pima, bwana, mwenzio nina siku mbili."

Zikawa gramu ishirini na saba na nusu. Elfu aliandika kiganjani, kisha kwenye daftari, kisha akamtajia mke wake kwa simu aandike ukutani. Akamwomba sonara mizani ya akiba mpaka jioni. Sonara alikataa mara mbili, akauliza ni ya kazi gani, akaelezwa habari za sumaku isiyotulia, akatoa.

Waya mpya aliupata ndani ya kengele za simu za mezani za zamani, zile nzito nyeusi. Alikuwa nazo nne chini ya meza yake, zimeliwa na vumbi. Alipima unene kwa kile kibanio chake chenye mistari, akakubali kwa kichwa. Tatizo ni kwamba waya wa namna ile ukivutwa kwa nguvu kidogo unakatika, ukilegezwa unajikunja. Mkono usitetemeke, usisimame ghafla, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na alitaka kuhesabu pia, ingawa uzito alikuwa nao, ili safari hii iandikwe daftarini. "Atakayekuja kukifungua baada yangu asipate tabu niliyoipata," akasema.

Nikaona la kufanya. Nikachukua kigoda, nikakaa nje mlangoni chini ya ubao wake.

Wa kwanza alikuwa kijana wa feni. Kabla hajafungua mdomo nikainuka, nikamshika mkono: "Salamu zote nazipokea mimi. Sema taratibu."

"Kwani fundi kafanya nini?"

"Anahesabu."

"Na wewe nani yake?"

"Mimi ndiye mdomo wake leo. Acha feni hapo, rudi kesho."

Akaja bibi mmoja na mashine yake ya kusagia matunda, kaifunga kwenye kanga. Huyu nilimwamkia mimi kwa kunong'ona, akaniitikia kwa kunong'ona, tukaulizana hali kwa kunong'ona, za watoto, za magoti, za mvua, mpaka wapita njia wakasimama kutazama wakidhani kuna msiba. Muuza vocha wa ng'ambo ya barabara hakujizuia: "Jamani! Elfu kaongeza mke wa pili wa kupokea salamu!"

Kutoka uani: "Aingie basi aje afue! Nguo zipo beseni tatu!"

Nilicheka nimejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yananitikisika. Ndani nikasikia, "Elfu!" Baada ya muda mrefu, "Elfu!" tena. Nilianza kuhesabu nami kwa vidole. Kila alipotamka, nilishusha pumzi, na sikuwa nimejua kwamba nimeizuia. Alipofikisha ya sita ndipo nilipogundua kitu kilichonishangaza: zile dua zangu za Jumatatu sikuwa nazo tena. Sikumbuki zilinitoka saa ngapi. Nilikuwa nataka tu kujua kama ule waya utaimba.

Alitoka nje macho mekundu. "Elfu saba mia mbili na tisa," akasema. "Sasa unaweza kunisalimia."

Aliweka mizani mbele yangu. Akaniambia alikwishapima kinasa kitupu kabla ya kukizungushia waya. Akautoa uzito huo kwenye wa sasa. Gramu ishirini na saba na nukta sita.

Ijumaa binti aliomba ruhusa mchana, akaja na vifaa vipya alivyoagiza: vigingi vinne vya kukazia nyuzi, kwa sababu vya zamani vilikuwa vikiteleza na gitaa kupoteza sauti katikati ya wimbo, swichi za kuzungusha sauti, tundu jipya la kuchomekea waya, na waya wa maikrofoni, ule uliovikwa wavu wa shaba usiingize miungurumo. Nyuzi pia mpya. Elfu alitaka kile kinasa akitie vanishi ya mota na kukioka. Binti akamwambia hapana, nta ya mshumaa, ikipoa itaishika mizunguko isitetemeke. Wakabishana kama watu wa rika moja.

"Vanishi haiondoki miaka hamsini!"

"Ndiyo maana sitaki, babu. Na atakayekuja kukifungua baada yako?"

Elfu akairudisha vanishi chini ya meza. Mke wake akaleta mshumaa na sufuria bila kuitwa.

Kazi ngumu ikawa kuingiza swichi. Gitaa lenye tumbo tupu halina mlango mgongoni. Kila kitu kinaingia kwa lile tundu lililopinda usoni, kisha kikatafute kitobo chake kwa ndani, gizani, na mkono wa mtu haupiti. Elfu alijaribu kwa koleo, swichi ikadondoka tumboni ikagonga kama jiwe ndani ya debe. Mara ya pili, ya tatu. Binti akaanza kuuma midomo. Mimi nikaona wanafanya kama mtu anayepitisha lastiki kwenye kiuno cha sketi kwa kusukuma na kidole. Lastiki haisukumwi. Inavutwa. Nikatoa uzi wangu mnene wa kushonea vifungo, nikausukuma kwenye kitobo kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha, nikautoa kwenye tundu kubwa, nikafunga swichi, nikavuta polepole. Ikaja yenyewe, ikatoa kichwa nje kwenye kitobo chake.

"Aa," akasema Elfu. Akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari.

Nilikuwa nafunga uzi kwenye swichi ya pili, binti akiwa ameshika gitaa mbele yangu, na sijui kwa nini nilichagua wakati ule. Nikamwambia, "Ule ubao niliuona."

"Ubao gani?"

"Wa mlangoni. Niliusoma. Kisha nikamsalimia."

Akanitazama. "Mama. Ulifanya kusudi?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana alistahili jibu la kweli. "Salamu ilikuwa salamu. Lakini nilipoona hesabu imempotea, moyo wangu ulitulia kwanza, ndipo ukashtuka."

Elfu alijifanya anatafuta skrubu. Uso ulimkaza binti, na mikono yake haikuliachia gitaa. Mwishowe akasema, "Vuta, mama. Uzi umelegea." Nikavuta.

Walipomaliza kulehemu, wakaunganisha kwenye amplifaya ndogo ya Elfu. Kinasa cha chini peke yake kikatoa sauti nene, ya kifuani. Kile kipya cha juu peke yake, vilevile, na laini zaidi. Elfu alipiga kofi moja. Binti akavifungulia vyote viwili kwa pamoja, na sauti ikakonda. Besi yote ikatoweka, ikabaki kama nyuki ndani ya chupa.

"Kimekufa tena!" nikasema.

"Hakijafa," akasema Elfu. Alifumba macho, kidole kinazunguka hewani, huku, kisha huku. "Mkono. Mimi nazungushia kulia. Aliyekitengeneza kile cha chini alizungushia upande mwingine. Mmoja akisukuma, mwenzake anavuta. Wanamalizana." Hakuvua hata mzunguko mmoja. Alifungua ncha mbili tu za waya, akazibadilisha mahali, akalehemu. Binti akapiga tena, na bati la karakana likajibu juu.

Jumamosi tulikwenda wote watatu. Mazoezi yao hufanyika kwenye ghala lililokuwa la saruji, kuta bado ni za kijivu na ukikohoa unasikia kikohozi chako mara mbili. Yule kijana mwenye besi yake alikuwepo, kaiegemeza ukutani ndani ya mkoba mpya, anatafuna ubani. Kiongozi alishusha miwani machoni, kitu ambacho binti alisema hakifanyi mara nyingi.

"Piga uzi wa chini peke yake," akasema, akatembea mpaka mwisho wa ghala, akasikiliza akiwa ametupa kisogo. "Wa pili. Haya, ongeza sauti. Ongeza. Bendi, ingieni."

Wakaingia. Nusu ya wimbo ikaenda vizuri. Kisha gitaa likaanza kuunguruma lenyewe, binti kaondoa vidole na sauti bado inapanda, inatetemesha mpaka benchi nililokalia. Wote wakaacha kupiga. Kijana wa ubani akasimama wima.

"Na hiyo nini?" akauliza kiongozi.

Nilimtazama Elfu. Akatikisa kichwa. Jambo hili kwenye madaftari yake kumi na moja halimo.

Binti alilaza kiganja juu ya nyuzi. Akapiga hatua tatu kushoto, akageuka ubavu ili tumbo la gitaa lisiitazame spika, akapunguza swichi moja kwa unywele tu. Ukimya. "Tuanze tena pale pale," akasema.

Wakaanza tena pale pale, na safari hii wakafika mwisho. Gitaa likatembea chini ya sauti za wengine bila kumkanyaga mtu. Elfu alikuwa ameweka kiganja juu ya spika, macho kayafumba, kama anayempima mtu homa.

Walipopumzika nilimfuata binti. "Nani alikufundisha kugeuka vile?"

"Mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Mama, ninao wangapi? Nilimpigia juzi. Akaniambia haya magitaa yenye tumbo tupu yakijisikia kwenye spika yanapandwa wazimu, nigeuke ubavu. Tulizungumza saa nzima."

Kaka yangu. Saa nzima. Mimi miaka yote napata maneno mawili.

Kiongozi alikuja anafuta miwani. Alimwambia kijana wa ubani asante kwa kuja, akampa mkono. Kisha akamwambia binti, "Nafasi ni yako. Jumanne kuna mazoezi, na mwisho wa mwezi tunasafiri wiki mbili. Jitayarishe." Binti aliruka, akamkumbatia Elfu mpaka kofia yake ikaanguka, halafu akaja kwangu taratibu zaidi, akinisoma uso.

Nilimshika bega, nikambana kwa nguvu kidogo. Kisha nikamgeukia kiongozi.

"Wiki mbili," nikasema. "Dereva ni nani, na amewaendesha miaka mingapi? Mnalala wapi, na wasichana wanalala chumba kimoja au mbalimbali? Mtu akiumwa njiani mnafanyaje? Na waliochoka," nikasema, "waliowahi kuacha. Nataka kujua walichoshwa na nini."

Yule mama alinitazama, akapandisha miwani kichwani. "Hilo la mwisho ni refu," akasema.

"Nina nafasi."

Akavuta kiti, akakaa.